Treni Yangu Mnadani

Ndugu yangu mkubwa ni mzee wa kanisa, na kama wazee wengi wa kanisa huku kwetu Kibirichia, hutoa kwa moyo mkunjufu hasa mali ikiwa ya mtu mwingine. Jumapili ya mavuno, watu walipopeleka waru, yaani viazi, kabeji na kuku wapigwe mnada ili kanisa lipate mabati, yeye alipitia chumbani kwangu akabeba treni yangu.

"Si ni kitu cha watoto tu," aliniambia nilipoiona pale mbele, kati ya jogoo na mkungu wa ndizi. "Na wewe unakaa nayo ya nini?"

Kitu cha watoto! Mtu asiyeweza kupigilia lango la zizi likafungika ndiye anayenifundisha mimi habari za watoto. Treni ile niliibuni mwenyewe, kwa vitofali vya plastiki nilivyochambua kwenye marundo ya mitumba Meru mjini, vimechanganyika na vichwa vya wanasesere na viatu vya mguu mmoja. Maelekezo hayakuwepo. Nilienda hadi stesheni ya Nanyuki kuangalia treni ya kweli, nikaichora, nikarudi. Behewa la kwanza lilitoka refu mno, likawa linaanguka kwenye kila kona, mpaka nilipoyaweka magurudumu kwenye fremu ndogo inayojigeuza yenyewe chini yake. Mabehewa ningeweza kuyaunda tena. Kichwa cha treni, hapana. Magurudumu yake makubwa mekundu niliyatafuta kwa miaka, na sijaona mengine tena. Kwa hiyo nilikaa benchi la mbele nikiwa na nia moja tu, kichwa kirudi nyumbani.

Mnadishaji alikuwa mwalimu mstaafu anayependa kipaza sauti kuliko chakula. Aliiinua treni kwa behewa la mwisho, vile mtu hushika kuku kwa miguu. Ikakatika vipande. Watu wakacheka.

"Haya basi, tutauza rejareja!" akasema, akaanza kuuza behewa moja moja. Mama mmoja alinunua lile la abiria, halafu akauliza kama linafaa kuwekwa chumvi. Na hao ndio walionicheka mimi!

Kilipofika kichwa, nikataja bei. Mgeni wa heshima, jamaa fulani aliyekuwa akitafuta kura, akapandisha. Nikapandisha. Akapandisha tena, safari hii akiongea kwenye simu, hata hakitazami. Tuliendelea hivyo mpaka nikaishiwa. Nilipoketi nilitamani kulia, sitaficha.

"Imeenda!" akatangaza mnadishaji.

Lakini mgeni wa heshima hanunui kitu akaondoka nacho. Desturi ni amtunuku mchungaji, na mchungaji naye, ili aonekane mkarimu, amtunuku mtu mwingine. Mchungaji akakigeuza kichwa juu chini, akakichokoachokoa, kisha akaniita.

"Dada yetu, njoo hapa mbele." Nikaenda mbio, sikufichi furaha yangu. Akaniwekea mkono utosini kwanza, kisha akauinua hewani. "Kanisa, tunamrudishia dada yetu treni hii kwa imani. Mavuno yajayo, aje na mtoto wa kuichezea!"

"Amina!" Kanisa zima. Ndugu yangu aliisema mara mbili.

Nina miaka arobaini na kitu. Kila mtu mle ndani alijua nilirudishwa nyumbani kutoka kwa mume, na alijua ni kwa sababu gani. Iliniuma hadi masikio yakawa moto. Kumbe ndivyo walivyokuwa wakiiangalia treni yangu siku zote, kama kiti cha mtoto ambaye hakuja.

Nikanyoosha mikono yote miwili, nikakipokea kichwa, nikakikagua. Kulabu ya nyuma, ile ya kushikia mabehewa, haikuwepo. Mchungaji alikuwa ameibana kati ya vidole vya mkono uleule aliouinua kunibariki.

Wote walikuwa wakingoja na mimi niitikie.

"Pasta," nikasema, na kipaza sauti kilikuwa karibu, "hiyo kulabu ni yangu. Lete."

Akaushusha mkono polepole, akanipa. Nikaipachika mahali pake hapohapo mbele yao, nikajaribu kama imeshika, nikarudi kukaa. Amina yao wabaki nayo.