Ombi Namba Mia Mbili na Kumi na Moja

Kazini kwangu huku ughaibuni, mjini Gaithersburg, nalipwa kuziba matundu ya usalama kwenye programu za watu. Kanisani nilifanya bure, nikafanya ovyo. Hilo silifichi.

Mchungaji alitaka waumini watume maombi yao kwa simu badala ya vikaratasi, nikamtengenezea programu. Kila ombi lilikuwa na jina, shida yenyewe na anwani ya nyumbani, kwa maana kwetu mtu haombewi kwa mbali tu. Lazima mchungaji awatume akina mama wawili wafike kwake na chupa ya chai, wakae, waombe naye. Kila muumini alikuwa na nywila yake, nikaona inatosha. Tunajuana sote, nani atadukua sala?

Dada mmoja wa Kongo alinivuta kando baada ya ibada. Alikuwa amemkimbia mume aliyekuwa akimpiga, amehamia mji wa jirani, Wheaton, na binti yake. Mume bado alisali nasi, safu ya tatu, Biblia mkononi.

"Kaka, nikiandika humu, nani ataona?"

"Pastor peke yake. Usiworry, niliisecure mwenyewe."

Akaandika.

Seva yangu, ile kompyuta inayotunza maombi, ilimuuliza kila mtu yeye ni nani. Haikuuliza kama ombi analotaka kusoma ni lake. Na maombi niliyapa namba za kufuatana, moja, mbili, tatu. Kijana aliyetoka chuo juzi akiniletea kazi ya namna hiyo ofisini, ningemfokea mbele ya wenzake.

Yule mume si mtaalamu wa kompyuta, ni dereva wa kupeleka vifurushi. Alifungua ombi lake mwenyewe kwenye kompyuta, maana programu ilifunguka huko pia, akaona namba mwishoni mwa anwani ya ukurasa, akajaribu kuibadilisha. Likatokea ombi la mtu mwingine.

Jumamosi moja mchana aligonga mlango kule Wheaton. Alimvunja mkewe mkono na taya kabla majirani hawajaita polisi. Niliposikia nilikimbilia kumbukumbu za seva. Alikuwa ameanza na ombi la kwanza, akasoma moja moja, shida za kila mtu kanisani, hadi la mia mbili na kumi na moja. Hapo akaacha. Kurekebisha kulinichukua dakika kumi, na niliona aibu hata ya dakika hizo.

Yule dada nilimkuta hospitalini, anaongea kwa shida.

"Kaka, ulinambiaka pasta peke yake."

Nikaanza kumweleza habari za seva, nikajisikia mpumbavu. Binti yake wa miaka tisa alikuwa kwenye kiti karibu na kitanda. Aliniambia kwa Kiingereza, bila kuniangalia, kwamba yeye ndiye aliyefungua mlango, kwa sababu alidhani ni wale mama wa chai.

Nikamwambia kosa si lake, ni langu. Nilirudia mara mbili. Akatikisa kichwa, akasema mimi hata sikuwepo.