Oili ya Kwanza ya Gari la Baba

Je, jioni ile nilisema kweli kwa ajili ya mama yangu, au nilisema kwa sababu mjomba alikuwa ameninyang'anya zamu yangu? Swali hili nimekwenda nalo chuo kikuu na nimerudi nalo, nimelilea kama mtu anavyolea kidonda kisichouma wala kisichopona, na hadi leo sina jibu ninaloweza kuliapia. Hunijia kila ninapokutana na harufu mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya oili mpya, kavu na safi, inayofanana kidogo na harufu ya bati lililoanikwa juani. Ya pili ni ya sifa, yale mafuta ya papa ambayo watu wa delta huvipaka vyombo vyao vya baharini visioze, harufu nzito inayobaki katika nguo hata baada ya kufuliwa mara tatu. Harufu hizo zilikutana nyuma ya nyumba yetu Kibiti, zamani za Mwingereza, majuma machache kabla ya masika, nami nilikuwa mtoto wa miaka tisa hivi.

Baba alifanya biashara ya mpunga na boriti za mikoko. Udereva alijifunza vitani, alikopelekwa na jeshi la Mwingereza hadi Burma, na alirudi na vitu viwili tu alivyovionea fahari: sanduku la spana na tabia ya kutomwamini mtu mwingine kuigusa injini yake. Aliponunua gari dogo jipya, la rangi ya chai iliyozidi maziwa, mji mzima ulishangaa. Mfanyabiashara mwenye akili, walisema, hununua lori. Gari lile halikuweza kubeba hata magunia matatu. Lakini baba hakulinunua kwa ajili ya magunia. Mama alikuwa amezika watoto wawili baada yangu, na wa pili alikata roho mikononi mwake kando ya barabara, wakati wakisubiri lori la boriti lijae mzigo ndipo liondoke kwenda Dar es Salaam. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Sasa mama alikuwa mjamzito tena, na mkunga alimwambia waziwazi kwamba huyu asizaliwe Kibiti. Aende hospitali mapema, kabla mvua haijaifunga barabara. Baba akataka chombo kisichongojea mzigo wa mtu.

Gari lilikuja na kijitabu ambacho baba alikisoma kwa taabu na kwa heshima, kidole chake kikifuata mistari. Kijitabu kilisema kwamba injini mpya ikimaliza maili mia tano za mwanzo, imwagwe oili yake yote, itiwe nyingine. Nilimuuliza kwa nini kitu kipya kimwagwe. Alinijibu kwa mfano nilioutambua mara moja. "Jiwe jipya la kusagia hutoa mchanga," alisema. "Unga wa kwanza hauwi ugali, unamwagwa. Injini nayo ikiwa mpya, vyuma vyake vinasagana, na unga wa chuma unaingia katika oili. Ukiuacha humo, unaila injini kutoka ndani, na utajua siku imekufia porini." Kisha akanipa ahadi ambayo haikuwa kawaida kupewa mtoto wa kike siku zile: siku ya kazi hiyo, mimi ndiye ningemimina oili mpya.

Maili zilitimia juma lile ambalo mjomba Sefu alikuja kumuaga mama. Alikuwa kaka yake mkubwa, fundi wa vyombo kutoka Kiongoroni, mtu mwembamba mwenye viganja vilivyopasuka kwa chumvi. Alikuja kwa mtumbwi hadi Nyamisati, kisha kwa miguu, akiwa na kikapu cha dagaa na sanduku lake la tezo na patasi, maana alisema fundi anayeacha zana zake nyumbani ni mgeni tu kama wageni wengine. Yeye na baba walipendana kwa njia ya mashemeji, yaani kwa kukashifiana. Baba asili yake ilikuwa vilima vya Umatumbi, na mjomba hakumruhusu kusahau.

"Mtu wa mlimani," alisema alipoliona gari mara ya kwanza, "umejinunulia kasa. Kichwa kinaingia, miguu inaingia, limebaki gamba."

"Na wewe mtu wa mikoko, usiliegemee. Litanuka sifa mpaka kiama."

Mama, aliyekuwa ameketi kibarazani miguu imevimba, alicheka hadi akashika tumbo. "Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Afadhali mimi nipande punda."

Siku ya kazi, baada ya adhuhuri, baba aliliendesha gari hadi kisimani na kurudi ili oili ipate moto, kwa kuwa oili ya moto hutoka na uchafu wake wote. Alikwishachimba handaki fupi nyuma ya nyumba, akalaza magogo ya mkoko kwenye kingo zake zisibomoke. Aliingia chini kwa mgongo, akafungua kizibo cha tumbo la injini kwa spana, na oili ikashuka ndani ya karai kama uzi mnene, nyeusi, ikitoa mvuke. Nilichuchumaa karibu hadi uso wangu ukapata joto. Ilipobaki kudondoka tu, baba alirudisha kizibo, akakikaza, akajipangusa. Wakati huohuo adhana ya alasiri ikaadhiniwa, na pamoja nayo ikaja habari kwamba msikitini kulikuwa na maiti ya jirani ya kusaliwa na kuzikwa. Mjomba alikuwa na ruhusa ya mgonjwa, kwani mguu wake ulikuwa umechomwa na mwiba wa samaki njiani. Alisali pale pale uani. Baba alimwambia, "Shemeji, nitazamie vitu hivi. Nikirudi tutatia oili."

Mjomba alikaa kitambo akilitazama gari. Kisha akalifungua dumu la oili mpya, akachovya kidole, akakiinua juani. Oili ile ilikuwa nyepesi na angavu, rangi ya mafuta ya ufuta. Alikinusa kidole, akasikitika. Akachovya kingine katika karai, akasugua oili nyeusi kati ya vidole, na uso wake ukakunjuka. Ni lazima nieleze jambo ambalo wakati ule sikulijua. Katika kazi yake, sifa changa ni angavu, na sifa changa haina faida: haiushiki ubao, na wadudu hukitoboa chombo kabla ya mwaka. Sifa iliyokaa, ikapikwa na jua ikawa nyeusi, hiyo ndiyo fundi huifungia chumbani. Maisha yake yote macho yake na vidole vyake vilikuwa vimemfundisha kwamba mafuta meusi ni mafuta yaliyoiva. Kwa hiyo alichokiona mbele yake ni shemeji aliyeuziwa mafuta mabichi mjini, na ambaye alikuwa karibu kuyamwaga yaliyoiva.

"Maskini baba yako, wamemtapeli," aliniambia kwa sauti ya chini.

Nilimwambia kuhusu jiwe la kusagia. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akachana kipande cha shuka kuukuu, akakikunja mara nne, akaichuja oili nyeusi yote kwa utulivu wa mtu anayechuja tui. Katika kitambaa kilibaki kitu kinachometameta, chembe ndogo kama magamba ya dagaa. "Mchanga wako huu hapa," alisema, "nimeutoa." Nikanyoosha mikono nichukue faneli, kwa kuwa kumimina kulikuwa jambo langu. Alinisogeza kwa kiwiko. "Acha, Mwajuma. Chombo hakitiwi mafuta na mkono wa mtoto." Akaimimina mwenyewe, mpaka tone la mwisho, akafunga. Dumu la oili mpya akalificha nyuma ya magunia ya mpunga. "Usimwambie baba yako. Ataona haya kwamba kauziwa mbichi. Mimi nitalirudisha kimyakimya kwa mwenye duka."

Baba aliporudi alikuta kazi imekwisha na karai limeoshwa kwa majivu. Alisimama kidogo mbele ya boneti. Sasa najua kwamba alitaka kuchomoa kile kijiti cha kupimia oili atazame. Hakukichomoa. Kukagua kazi ya kaka mkubwa wa mkeo, mbele yake, ni kumwambia humwamini, na baba asingeweza kufanya hivyo hata kwa injini yake. Alimshika mkono, akamshukuru, akatangaza kwamba keshokutwa tungesafiri.

Nilikaa na siri ile mpaka magharibi, nayo ilikuwa nzito kuliko miaka yangu. Nilimpenda mjomba. Pia nilikuwa na kinyongo cha kiwiko kile. Na juu ya hayo nilimwona mama akikunja khanga na nguo ndogo za mtoto, akizilaza sandukuni moja moja kwa namna ya mtu asiyetaka kujipa matumaini mengi, na neno la baba, "imekufia porini," likawa halinitoki masikioni. Baada ya sala ya magharibi nilisema yote, mbele ya baba na mama, kwa pumzi moja.

Baba hakunyanyua sauti mara moja. Alitoka, akachomoa kijiti, akakipangusa kwa kidole, akarudi na kidole cheusi. Ndipo akasema, "Huyu mtu wa mikoko anataka kuniulia mke." Haukuwa utani tena. Mjomba alikuwa mlangoni, amebeba kata ya maji, na alisikia kila neno. Maji yakimwagika hayazoleki. Aliitua kata taratibu, akaingia chumba cha wageni, na tukasikia kifuniko cha sanduku lake. Alipotoka alisema tu kwamba alfajiri angeondoka kuelekea Nyamisati.

Mama ndiye aliyeingilia kati. Hakumtetea kaka yake wala hakumlaumu mumewe. Alisema, kwa sauti aliyoitumia kupanga chakula, kwamba kwao Kiongoroni chombo kipya hakiendi safari ya kwanza bila fundi aliyekipaka mafuta. Hukaa ndani yake, ili kikizama azame nacho. "Kaka ndiye aliyetia mkono. Kaka asipopanda, mimi sipandi. Nitazalia hapa."

"Mama Mwajuma, amekosea."

"Amekosea, ndiyo. Mwonyeshe. Ulimwonyesha huyu mtoto, yeye ukamwachia karai."

Baba alikipangusa kile kidole cheusi. Kisha akasema atakwenda kumwomba radhi asubuhi, kabla jua halijachomoza, na kazi itarudiwa.

Mdogo wangu wa kiume alizaliwa hospitalini salama baada ya siku kumi na mbili, na leo ni mtu mzima mwenye kelele nyingi. Miaka michache iliyopita nilipata gari dogo jipya, la kwanza maishani mwangu, na lilipofikia umbali wa oili ya kwanza nililala chini yake mwenyewe, juu ya mkeka mkuukuu, mwanamke wa makamo mwenye shahada, majirani wakinichungulia dirishani. Fundi mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba, kwa jinsi mjomba alivyochuja, huenda gari la baba lingefika Dar es Salaam bila tabu yoyote. Sasa barabara ni nzuri kuliko zile, na gereji hazikosekani. Unakabidhi ufunguo, unaketi kwenye benchi, unarudishiwa gari na mtu usiyemjua jina. Hakuna anayehofia kumkagua mwingine, na pengine injini zetu ni salama zaidi kwa hilo. Lakini pia sijamwona fundi yeyote anayetakiwa kupanda. Tumepata haki ya kudai, tukapoteza namna ya kumwambia mtu kwamba kosa lake halijamtoa nyumbani.

Asubuhi ile nilizinduliwa na sauti ya spana. Baba alikuwa handakini, na mjomba amelala ubavuni mwake, mguu wake wa mwiba umefungwa kitambaa, wawili hao vichwa pamoja chini ya gari kama watoto waliojificha. Kitambaa cha jana kilikuwa kimetandazwa juu ya jiwe. Baba alichukua chembe chache zilizometameta, akaziweka katika kiganja cha mjomba, akamwambia azisugue. Mjomba alisugua mpaka ngozi ikamwasha.

"Hili ni tupa la kunolea misumeno," alisema hatimaye.

"Ni tupa, shemeji. Na jingine laini lisiloonekana limepita kwenye shuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa na haraka ya kwenda kuzika. Kisha nikakuvunjia heshima nyumbani mwangu. Nisamehe."

Mjomba alitazama oili nyeusi ikishuka tena karaini. "Mtu wa mlimani," alisema, "mafuta yako yanaoza kinyumenyume." Baba akacheka kwa nguvu hadi kichwa kikagonga chuma. Mjomba akaenda mwenyewe nyuma ya magunia, akaleta dumu, na akamimina ile oili angavu akiwa amefumba macho nusu, kama anayemeza dawa. Safari haikungoja keshokutwa, maana sanduku la mjomba lilikuwa limefungwa tayari. Jua lilipopanda kidogo mama alisaidiwa kuingia kiti cha nyuma, mito miwili mgongoni, nami nikaketi karibu naye. Mjomba Sefu, ambaye hakuwahi kupanda gari maishani mwake, aliketi mbele, na baba alipotaka kumpokea sanduku la tezo na patasi aliweke nyuma, alilikumbatia mapajani, akasoma dua, akamwambia, "Ng'oa nanga."