Basi la Iringa na Kikohozi cha Baba Mkwe

Nimezeeka, na safari nyingi nimezisahau, isipokuwa ile ya kwanza peke yangu, kwa basi la Mbeya kwenda Iringa, miaka ya hamsini. Uchovu wake ninao mpaka leo.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano hivi. Nilikuwa nimepata nafasi katika shule ya wasichana huko Iringa, na tulishaambiwa: atakayechelewa kufika, nafasi yake anapewa mwingine. Basi lenyewe halikuja kila siku. Mama alinisindikiza hadi stendi, akasema, "Haya mwanangu, huko mbele hakuna mama." Nikapanda, nikakaa nyuma kwenye vumbi, maana viti vya mbele havikuwa vya watu weusi.

Lakini tayari nilikuwa mchumba wa mtu. Ng'ombe walishafika zizini kwa baba. Na kwetu Wanyakyusa, ng'ombe wakishafika, binti haonani tena na baba mkwe wake. Akimsikia njiani anaingia porini, anajifunika. Kukaa naye chini ya paa moja? Thubutu! Hiyo ni laana, na faini juu. Kwa hiyo uso wa mzee yule sikuwahi kuuona. Nilimjua kwa kikohozi chake kikavu cha kukwaruza, na kwa katambuga zake, vile viatu vya tairi.

Tulipofika Chimala basi likasimama. Nikasikia kikohozi. Nikaona katambuga zinapanda ngazi.

Jamani! Nilijifunika kanga gubigubi, nikainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Utingo akauliza, "We binti, unaumwa? Unataka kushuka?"

Ndiyo, nilitakiwa kushuka. Msichana mwenye adabu angeshuka palepale, basi liende zake, na shule iende nalo. Nilitikisa kichwa ndani ya kanga. Nikasema kimoyomoyo: sishuki. Na alaani.

Basi likaondoka. Igawa, Makambako, sikuinua kichwa. Wenzangu walishuka kununua mahindi ya kuchoma na kujinyoosha. Mimi nilibaki nimejikunja, shingo inawaka, mkojo umenibana, jasho na vumbi vimenigandia. Kila alipokohoa nilijiona kama nimeua mtu. Nilichoka, nikachoka hata kuogopa.

Tulipofika Iringa, nikasikia watu waliokuja kumpokea mzee wakimsalimu kwa Kihehe. Naye akawajibu Kihehe kitupu, anacheka. Nikafunua kanga. Mzee wa watu, Mhehe, hanijui simjui. Akaniangalia, akasema, "Pole na safari, mwanangu."

Nililia kwa hasira pale stendi. Siku nzima nimejikunja kwa ajili ya nani! Kisha nikabeba sanduku langu, nikauliza njia ya shule.

Hakuwa yeye, sawa. Lakini mimi nilikuwa nimekataa kushuka nikiamini ni yeye, na hilo halikufutika. Likizo ya kwanza nilimwambia baba awarudishe ng'ombe wa watu. Baba alinyoosha kidole kuelekea zizini: tupu. Ng'ombe wale kaka yangu alikuwa ameshawatoa mahari, na mke wake alikuwa jikoni, mjamzito, anatupikia.