Gemu Iliyokumbuka

Jogoo wa cucu, nyanya yetu, alipotea siku tatu hapa mtaani Kabiria, akarudi ananuka mtaro, akadai mahindi kama mwenye nyumba. Shule sikufika mbali, kwa hivyo jogoo ndiye aliyenifundisha kwamba kinachopotea hurudi.

Juzi, kwa duka moja Hurlingham, niliona ile gemu ya safari za nyota, sehemu ya pili, nikasikia tena harufu ya mafuta ya taa ya jiko letu la zamani. Kaka yangu Njoroge alikuwa akiicheza alasiri moja nikiwa mdogo, begi miguuni, maana Baba alikuwa amemfukuza asubuhi.

"Yule fundi mnene wa sehemu ya kwanza ako wapi?" nikauliza.

"Nilimwacha nyuma, akakufa."

"Si hii ni mpya? Atarudi, kama jogoo."

"Wewe na jogoo yako! Hii gemu inakumbuka ulichofanya kwa ile ya kwanza. Ukiacha mtu, umemwacha. Ndio maana hakuna ingine kama hii."

Sikumwelewa. Akanipa rimoti ya kuchezea, bado ina joto la mikono yake.

"Shika. Usizime. Nakuja."

Sisi hapa mtu akiondoka husema nakuja, nami nikaliamini neno. Akabeba begi, akaruka mtaro bila kugeuka, na hakurudi tena.