Tangi la Samaki Lililoliliwa Ilomba

Mnaoujua mkasa huu nyamazeni niusimulie mwenyewe, maana kila anayeusimulia pale Ilomba anaongeza chumvi, na aibu yangu inatosha bila chumvi ya mtu. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule mama ambaye mtaa mzima ulimpikia makande ya msiba kwa ajili ya tangi la samaki, na mpaka leo nikienda sokoni kuna wauza nyanya wananiona tu wanaanza kucheka hata kabla sijauliza bei.

Yote yalianzia kwenye saluni yangu ya mtaa wa Soweto, hapa Mbeya. Mwenzangu wa ng'ambo ya barabara alileta televisheni pana kama mlango, wateja wakaanza kuvuka, nami (nina wivu, sikatai) nikaapa kwamba wangu watasukwa huku wakiangalia samaki. Siku moja naperuzi simu, nakuta mstaafu mmoja wa Iringa anauza tangi lake la kioo, refu kuliko kitanda, pamoja na samaki wake, kwa sababu anarudi kijijini kulima. Mume wangu Gwakisa ni dereva wa lori, na siku hizo alikuwa upande wa Zambia ambako laini yake ya huku haishiki, kwa hiyo wa kunikataza hakuwepo. Aliyekuwepo ni mama yake, tunaishi naye, ana presha, na tangu niolewe hajawahi kuniita mwanangu hata kwa bahati mbaya. Mimi kwake ni "mke wa Gwakisa" basi. Nikamuaga kwamba nafika Iringa mara moja. Sikusema kufanya nini, nikijua atanijibu kwamba samaki ni wa kukaanga.

Iringa mambo yalikwenda vizuri mno. Samaki wakatiwa kwenye ndoo yenye mfuniko, tangi tukalilaza juu ya magodoro kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ya kijana mmoja wa Kihehe anaitwa Fredi, likatokeza nyuma kidogo. Fredi akaliangalia, akasema, "Dada, kokoto moja tu ya lori ikiruka hapa tumekwisha. Tulifunike." Mke wa mstaafu, Mungu ambariki, akatoa shuka jeupe lenye lesi pembeni, tukalifunika tangi lote. Na kwa kuwa mzigo umetokeza, Fredi akafunga vitambaa vyekundu, kimoja nyuma na kingine (sijui alikuwa anafikiria nini) kwenye kioo cha pembeni mbele. Mimi nilikuwa nahangaika na ndoo, sikugeuka kutazama. Ningegeuka ningeona kile ambacho kila mtu wa njiani alikiona: gari ya msiba.

Kabla hata ya Mafinga watu wakaanza kusimama. Wanaume wanavua kofia, kina mama wanashusha mizigo, malori makubwa yanatupisha kama tumebeba waziri, nami nasema jamani watu wa huku wana heshima! Ni askari wa barabarani ndiye aliyenifumbua macho, alipoinama dirishani akasema, "Poleni sana, piteni tu." Nikamgeukia Fredi, Fredi akanitazama, tukacheka mpaka ndoo ikamwagika mapajani. Ningemwambia asimame tulifunue tangi, mkasa ungeishia hapo. Lakini Fredi akasema, "Dada, huku ndiyo kuwahi. Wewe inamisha kichwa tu." Nami nikainamisha. Makambako baridi ikanilazimisha nijifunike khanga kichwani, dirisha la gari halifungi, vumbi likanijaa machoni yakawa mekundu, yaani nilikuwa mfiwa aliyekamilika.

Uyole tukakuta foleni ya matengenezo ya barabara. Askari anatufungulia njia, na hapo hapo anatokea Mama Tumaini, jirani yangu tunayesali naye jumuiya moja, ana kapu la viazi. Akaliona shuka, akaniona mimi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakamtoka. Nilitaka kumwambia, nawaapia nilitaka, lakini askari alikuwa amesimama pale pale, sasa nitamke "samaki" mbele yake? Nikainamisha kichwa nikijisemea nitamweleza nyumbani. Na mnajua kwetu, mfiwa akiwa na jeneza lake haulizwi ni nani, mtu anakwenda kuita wenzake. Mama Tumaini akapanda bodaboda. Mume wangu dereva, yuko safarini, hapatikani. Hesabu aliipiga mwenyewe. Simu yangu nayo ilikuwa imekufa, chaji niliimalizia kupiga picha samaki. Na mbele kidogo foleni ikatubana tena, saa mbili nzima.

Tunaingia Ilomba nakuta turubai, viti, moto, masufuria. Kicheko kikaniisha. Kabla sijafungua mlango wanaume wamelibeba tangi mabegani wanaliingiza ndani, wimbo umeanza, na kina mama wamenikamata huku na huku nisianguke.

"Ni tangi la samaki!" nikapiga kelele.

"Mwacheni alie," akasema mmoja.

"Gwakisa ni mzima! Samaki wako kwenye ndoo!"

"Maskini, akili imemruka. Mshikeni vizuri."

Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyonibana. Halafu nikamwona mama mkwe, miguu mitupu, khanga kiunoni, sauti imekauka. Analia, "Mwana gwangu! Gwakisa wangu!" na mkono mmoja ameukandamiza kifuani. Hapo niliogopa kweli. Nikaona sasa nitazika mtu wa kweli kwa sababu ya kuwahi foleni. Akanijia, akanikumbatia shingoni, "Mwanangu, usiniache na wewe. Mimi sasa nimebaki na wewe tu." Jamani, neno nililolingoja miaka yote hiyo, na nalipata kwa wizi! Nililia kuliko wote pale.

Akataka amwone mwanawe uso. Wazee wakamsihi, wapi, akavuta shuka. Ndani ya kioo alikuwa mzamiaji wa plastiki, lile pambo la tangi, amenyoosha mkono, kama anasalimia.

Wimbo ukakatika. Nikapiga magoti. "Mama, nisamehe. Gwakisa ni mzima, nilinunua samaki."

"Mzima?"

"Mzima, mama."

Akakaa chini, wakampepea, mimi namtazama kifua tu kama kinapanda. Kilipotulia akamvua jirani ndala na kunichapa nayo mgongoni, analia na kucheka kwa pamoja, na hapo turubai zima likaangua kicheko, Fredi peke yake akawa anatafuta ufunguo wa gari.

Makande yalikuwa yameshaiva, yakaliwa. Na mimi, mdomo umejaa, nikaapa mbele ya jumuiya yote kwamba sitapokea tena heshima ambayo si yangu, na mzigo wangu wowote nitausafirisha wazi, uvunjike ukivunjika.

Tukiwa bado tunakula simu ya mama ikalia. Ni Gwakisa, amefika Tunduma mpakani, laini imeshika, na madereva wenzake waliokwisha kupigiwa simu za msiba wake wamemkimbia wakidhani mzimu, anafoka anataka kuongea na mimi. Nikanyoosha mkono kuipokea, mama akausukuma.

"Usimgombeze mwanangu," akamwambia. "Nimeshamchapa mwenyewe."