Swali la Mkaguzi Ufukweni Matema

Klabu yetu ya kuogelea ilianzishwa na mama yangu, ingawa hakuna karatasi inayosema hivyo. Karatasi zote niliziandika mimi.

Mama ni mfinyanzi. Akishaanika vyungu vyake alikuwa anaingia ziwani na kitenge chake kifuani, anafundisha watoto wa wavuvi, bure. Anamwekea mtoto kiganja chini ya tumbo huku akipiga soga na wengine, na akiona ametulia anakiondoa bila kusema. Mtoto anashtukia anaogelea. Hata mimi nilijifunza hivyo. Nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi karibu na nyumbani, nikaona jambo hili zuri lipate jina, mhuri na katibu. Katibu nikawa mimi. Nani mwingine?

Tulitaka watoto wetu wakashindane Mbeya, na klabu isiyo na ithibati ya ubora haiandikishwi. Fomu zikaja. Mpango wa usalama peke yake ulikula kurasa sita: mvua zikinyesha tusisogelee mdomo wa mto kwa sababu ya mamba, mawimbi yakianza kupiga kutoka kusini wote nje, wadogo washike dumu tupu, wakubwa wakae upande wa kina. Kila neno lilikuwa la mama. Mimi niliweka sahihi tu. Kisha nikafika kwenye swali la mkufunzi: awe na cheti cha ukocha na aweze kujaza rejista. Mama aliishia darasa la pili. Mimi nilikuwa na cheti cha mafunzo ya wiki moja. Nikaandika jina langu, nikajiambia ni la kwenye karatasi tu.

Siku moja kabla ya ukaguzi nilimwambia, "Mama, kesho usije ziwani."

"Kwani kesho ziwa limefungwa?" akacheka.

"Wanakuja wakaguzi. Wana maswali mengi ya vyeti."

Kicheko kikaisha. "Haya," akasema. "Nitakaa."

Wakaguzi walikuwa wawili, waungwana kabisa. Laiti wangekuwa wakorofi, ningepata wa kumlaumu. Waliwatazama watoto wakiogelea mpaka kwenye mtumbwi tulioutia nanga na kurudi, na mmoja wao akatikisa kichwa kwa furaha. "Mwalimu, hawa wameiva. Nani amewafundisha?"

Angeuliza nani ana cheti, ningejibu kwa amani. Aliuliza nani amewafundisha.

"Mimi," nikasema.

Watoto wakatazama nyuma yangu. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama na gauni lake la kanisani, sufuria ya wali kichwani, bakuli la samaki wa mbasa mkononi. Alikuwa amenitii. Hakuja kuogelea, alikuja kuwalisha wageni wangu.

"Karibuni, wageni," akasema.

"Asante, mama. Wewe nawe ni wa klabu?" mkaguzi akamuuliza kwa heshima.

"Hapana, baba. Mimi ni jirani tu." Akatua chakula kwenye mkeka. "Mwalimu amewafundisha vizuri. Ndaga," akanishukuru kwa lugha ya nyumbani.

Sikufungua mdomo kumsahihisha. Niliufungua kula. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Anayemkataa mama yake mbele ya wageni hawakumpa jina, labda hawakudhani angetokea.

Ithibati tuliipata, na watoto Mbeya walikwenda. Nilimpigia mama magoti, nikalia hadi nikakaukiwa machozi. Aliniinua, akaniambia yamekwisha, na sidhani kama alinidanganya. Ila majini haingii tena. Watoto wakimwita, anawaambia kwa upole wamsubiri mwenye kazi yake.

Asubuhi nikienda ufukweni nampita akikanda udongo. Ananyanyuka, anajipangusa mikono, anainama kidogo. "Mugonile, mwalimu," ananisalimu, kwa ule wingi wa heshima tunaowapa wakubwa. Mama yangu mzazi ananiamkia mimi.