Benadeta na Kibanja cha Bibi Kokwijuka

Pale Kayanga madalali ni wengi kuliko viwanja, na karibu wote wanaongea kama wanaolipwa kwa neno. Benadeta naye ana mdomo, hilo tusimfichie, ila anajua wakati wa kuufunga. Akienda kwa muuzaji mara ya kwanza hataji bei. Anaomba ungo, anakaa chini, anachambua maharage na mwenyeji mpaka yaishe.

Ndivyo alivyomjua Bibi Kokwijuka wa Igurwa. Bibi alikuwa anauza kibanja chake chenye migomba na kahawa, kwa kuwa magoti yamechoka na binti yake wa Bukoba amemwita wakaishi wote. Kati ya maharage mabovu na mazima akamwaga ya moyoni. Kahawa ilikuwa bado mbichi mitini, naye aliipalilia kwa magoti hayohayo. Tena alimwogopa mtu wa kuja kufyeka migomba ya marehemu mumewe.

Mnunuzi wa Benadeta aliitwa Dusabe, kibarua aliyelima mashamba ya watu tangu ujana. Yeye na mkewe Adela walikuwa wamejinyima miaka kumi na moja. Vibanja viwili vilikwisha kuwaponyoka, kila mara akitokea mwenye mfuko mnene siku ya mwisho, na sasa mwenye nyumba waliyopanga aliwataka watoke kabla ya Pasaka. Benadeta alimwonea huruma, na huruma kwa dalali ni hasara tupu.

Safari hii mwenye mfuko mnene alikuwa Rwegoshora, mfanyabiashara wa mjini. Alitaja milioni kumi na mbili. Dusabe alikuwa na kumi, na hakuwa na pa kukopa.

"Dada, tumekwisha," Dusabe alisema.

"Nani kakwambia? Yeye anatoa nusu sasa, nusu mwakani. Wewe unazo zote mkononi. Na bibi utamwachia kahawa ya msimu huu avune mwenyewe. Siku ya kikao salimia, kaa, nyamaza. Usiguse kitu cha mtu!"

Siku ikafika. Ndugu wa marehemu, majirani wa mipakani na mwenyekiti wa kitongoji walikaa uani. Rwegoshora akaeleza kwa ufasaha nyumba za kupangisha atakazojenga pale. Bibi akawa anayatazama magoti yake. Benadeta naye akasimama: fedha zote leo, kahawa ya bibi, migomba haikatwi.

Shemeji wa bibi akakohoa. Milioni mbili ni milioni mbili, alisema, na wazee wakaitikia kwa vichwa.

Benadeta akageuka kumtazama mteja wake. Kiti kitupu! Dusabe alikuwa kule shambani, kaukumbatia mgomba uliolemewa na mkungu wake, huku mkono mmoja ukivuta mti wa kuuegemeza. Kikao kinaendelea, shamba hajalinunua, na mtu keshajifanya mwenyeji! Benadeta alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikwisha fungua mdomo aombe radhi, lakini alipouona uso wa bibi akaufunga.

Bibi aliinuka kwa fimbo yake, akaenda taratibu mpaka shambani, na kikao kizima kikamfuata kwa macho.

"Unaegemeza mgomba wa nani?"

Dusabe alishtuka, lakini hakuuachia. "Wako, bibi. Nisamehe. Ulikuwa unaanguka, na mikono imezoea."

"Imezoea migomba ya watu," bibi akasema. "Sasa izoee ya kwako."

Kisha akageuka akampigia kelele shemeji yake uani: "Mwandikieni huyu!"

Benadeta akaenda kumtafutia mwenyekiti kalamu.  Dusabe alibaki machozi yakimtoka, ameushika ule mgomba kwa mikono miwili, kwa sababu mti wa kuegemezea ulikuwa bado haujakaa sawasawa.